Salamu Kwanza, Sumu Baadaye

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga, na ni wazi kwamba wahenga hawakuwahi kufika Heshimani. Kule vidole vilikusanyika vikajaa ukumbi, vikachagua mwenyekiti na katibu, vikaunda kamati ndogo ya kutafakari mustakabali wa chawa, vikapiga picha ya pamoja. Chawa akanenepa, akaoa, akazaa, na mwishowe akaalikwa kuwa mgeni rasmi.

Msiulize Heshimani iko wapi. Ukienda mbele utaifikia, ukirudi nyuma utaikuta imekutangulia. Ni nchi nzuri yenye mvua mbili kwa mwaka na mawaziri wa kutosha misimu yote, na watu wake wana adabu mpaka unatamani kutapika.

Adabu hiyo wanaiita itifaki. Huko Heshimani hakuna anayefungua kinywa mbele za watu kabla ya kutambua uwepo wa kila mkubwa aliyepo, mmoja mmoja na cheo chake, kuanzia aliye juu hadi anayemshikia mwavuli aliye juu. Mwaka fulani nyumba ya mshona viatu iliwaka moto katika mji wa Mtakuja. Gari la zimamoto liliwahi, sifa ziwaendee. Kamanda akashuka, akavua kofia, akamtambua Mkuu wa Wilaya aliyekuwa anapita zake, akamtambua Diwani, akawatambua viongozi wa dini zote na wazee maarufu, kisha akatamka yale maneno matukufu, "itifaki imezingatiwa," akaugeukia moto. Moto ulikuwa umeshamaliza shughuli zake na kuondoka. Mshona viatu alisimama juu ya majivu akatoa neno la shukrani, naye alianza kwa kumtambua Kamanda.

Mashavu alikuwepo siku ile, msichana mdogo mwenye ndoo ya maji kichwani. Alipotaka kuimwaga motoni mama mmoja alimdaka mkono. "Tulia wewe! Huoni wakubwa wanaongea?" Tangu hapo, kila aliposikia mtu akisema "natambua uwepo," kinyaa kilimpanda kooni kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoganda akidhani ni mabichi.

*

Alipokua alisomea stashahada ya kupanga sura za programu za simu: kitufe kikae wapi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, jicho la mtu aliyechoka litue wapi kwanza. Ni kazi ambayo watu huidharau mpaka siku wanapotafuta kitufe wasikione.

Kisha mume wa shangazi yake, Shangazi Mwatumu wa kijiji cha Kigugumo, aliumwa na kifutu shambani. Mbele ya nyumba ya shangazi kuna njia panda. Ukishika kushoto unafika zahanati ya Kigugumo. Ukishika kulia unafika zahanati ya Mtambani. Wakambeba kwa machela, wakashika kushoto. Dawa ya nyoka imeisha, wakaambiwa, na pole sana. Wakageuza. Walifika Mtambani wamebeba maiti, na dawa ilikuwa imejaa kwenye jokofu, imepangwa vizuri kama soda za harusi.

Matanga hayajaanuliwa, Mashavu alimpigia simu Mbaruku, waliyesoma naye chuoni. Mbaruku alikuwa mwandishi wa msimbo, yale maelekezo marefu yanayoifanya simu itii, na katika kazi hiyo hakuwa na mfano. Alikubali kujitolea. Wauguzi wa zahanati za wilaya ile nao wakakubali kujitolea kutuma ujumbe mfupi kila asubuhi: dawa ipo, au dawa haipo. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza malipo. Ilibaki kutengeneza programu tu.

Hapo ndipo walipogombana.

"Kwanza tuandike msimbo," alisema Mbaruku. "Mambo yako ya poda na wanja yatafuata."

"Poda? Mtu anaumwa na nyoka, mikono inatetemeka, macho yameingia ukungu, wewe unaita kitufe poda?"

"Dada Mashavu, programu ikifanya kazi, hata ikiwa na sura ya nguruwe watu wataitumia."

"Na ikiwa na sura ya nguruwe, Kaka Mbaruku, wengine hawataigusa hata kwa fimbo."

Basi kila mmoja akatengeneza yake, kwa hasira, wakaenda nazo Kigugumo kumpa Shangazi Mwatumu azijaribu. Shangazi akakaa kwenye mkeka, akainyoosha simu mbali na macho kama mtu anayenusa dagaa wa jana. Programu ya Mbaruku ilimuuliza aina ya nyoka kwa jina la kitaalamu, urefu wa nyoka, uzito wa mgonjwa, na mahali alipo kwa kipimo cha nyuzi za dunia. Kila alipokosea ilimwambia amekosea, kisha ikaanza upya. Ya Mashavu ilikuwa na nyoka wa dhahabu anayejisokota polepole kwenye skrini, magamba yakimeremeta. Alijisokota mpaka simu ya shangazi, ambayo ilikuwa ya zamani, ikaganda na kuzimika.

Shangazi akawarudishia simu. "Huyu wako, Mbaruku, ananihoji kama polisi. Na huyu wako, mwanangu, ni mzuri kupita kiasi, nimemtazama mpaka nimesahau kwamba nimeumwa. Sasa niambieni, mimi nife na yupi?"

Walirudi mjini hawasemeshani. Lakini aibu ni gundi nzuri kuliko urafiki. Kesho yake Mbaruku alikuja na kiti chake, akakiweka kando ya kiti cha Mashavu, akasema, "Haya, futa maswali yangu." Naye Mashavu akamfuta nyoka wake wa dhahabu, ingawa moyo ulimuuma kidogo. Mbaruku akiandika mstari, Mashavu anauliza, "Huu unamsaidia nani?" Mashavu akiweka rangi, Mbaruku anauliza, "Hii simu ya shangazi itaibeba?" Walibishana kutwa, wakatukanana kwa heshima, wakala mihogo ya kukaanga kutoka karatasi moja, na walipomaliza, programu ilikuwa na kitufe kimoja, chekundu, kikubwa kama kisahani: NYOKA AMENIUMA.

Ukikibonyeza kilikwambia mambo machache kwa herufi kubwa: mgonjwa alale, asitembee, usimfunge kamba, usimchanje, dawa iko mahali fulani, shika njia fulani. Basi.

Shangazi alikibonyeza mara moja, akasoma. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga akasema, "Ingekuwepo hii."

*

Sasa, huko Heshimani kujitolea ni jambo la hiari, na hiari hiyo ni lazima kwa mujibu wa sheria. Ipo Wizara ya Moyo wa Kujitolea, inayohakikisha kwamba hakuna mtu anayetenda wema ovyoovyo. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dokta Mtukwao, ambaye yeye mwenyewe alijitolea kuwa waziri, alijitolea kupokea udokta kutoka chuo ambacho hakijajengwa, na alikuwa mbioni kujitolea kwa kipindi kingine.

Wizara iliposikia kwamba vijana wawili wametengeneza kitu kinachofanya kazi, ilishtuka, kama inavyostahili. Ikaleta Mratibu Mkuu, Bwana Lukindo, mtu mwenye tabasamu lililopakwa usoni kama siagi kwenye mkate wa wageni. Bwana Lukindo akaleta kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo ya rangi, kamati ndogo ya umbo la kitufe, kamati ndogo ya makofi, na kamati ya kusuluhisha kamati ndogo. Kwenye kamati ya msimbo hakuwekwa mwandishi wa msimbo hata mmoja, kwa sababu, alieleza Bwana Lukindo, watu wa fani huleta mgawanyiko. Punde si punde waliojitolea kuratibu wakawazidi waliojitolea kufanya, kama kunguni wanavyomzidi mwenye kitanda.

Katika kikao cha kwanza Bwana Lukindo alisimama, akasema, "Ndugu wanakamati, kabla sijaanza kuanza," akawatambua waliokuwepo, akawatambua waliotuma udhuru, akatambua kiti alichokuwa akalie Mheshimiwa Waziri kama angekuja. Jua lilishahama dirisha aliponyanyua simu.

"Hiki kitufe, Dada Mashavu, kinafanya nini?"

"Ukikibonyeza kinakwambia dawa iko wapi."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

Bwana Lukindo akawatazama wenzake kwa huzuni ya mtu aliyefungua sufuria akakuta panya. "Na kimemsalimu nani?"

"Kitufe?"

"Kitufe."

"Kitufe hakisalimu, Mratibu. Kinabonyezwa."

"Unaona?" alinong'ona mama mmoja wa kamati ndogo ya rangi. "Kimekosa malezi."

"Jamani, mtu ana sumu mwilini!"

"Na sisi tuna nini mwilini, dada yangu?" Bwana Lukindo akaweka kiganja kifuani. "Si tuna heshima? Leo mwananchi aumwe na nyoka, apone, aende zake bila hata kumjua Waziri wake? Huyo amepona nini hasa?"

Kamati ndogo ya makofi ikafanya kazi yake.

Yaliyofuata yaliamuliwa kwa kauli moja, maana huko kauli ni moja na anayo mwenyekiti. Ikaamuliwa kwamba timu bora ni ile ambayo kila mmoja wake anaonekana, hivyo kila mwanakamati aonekane kwenye skrini, kwa picha, kwa cheo, pamoja na salamu zake. Ikaamuliwa kwamba mwananchi aliyeumwa abonyeze "Naitikia" baada ya kila salamu, na asiyeitikia arudishwe mwanzo. Ikaamuliwa kwamba nyekundu ni rangi ya zulia la Mheshimiwa Waziri, hivyo kitufe kiwe kijani kilichopauka. Na kwa kuwa kitufe kilikuwa juu ya picha ya Mheshimiwa, jambo ambalo ni utovu wa nidhamu, kiteremshwe chini kabisa, kwenye kona, kwa unyenyekevu.

Ikabaki kumpata wa kuandika hayo yote. Mbaruku alipewa cheo: Msimbaji Mkuu wa Taifa, pamoja na kiti kinachozunguka.

Mashavu alimkuta anazunguka.

"Umeandika wewe salamu hizi?"

"Nimeandika. Njoo uone, dada, usinune." Macho yalimng'aa. "Angalia zinavyopokezana! Hakuna hata moja inayokwama. Na mtandao ukikatika, salamu hazikatiki, nimezihifadhi ndani ya simu yenyewe."

"Na mahali dawa ilipo?"

"Hapo inabidi kuwe na mtandao."

"Kwa hiyo kijijini kwa shangazi yangu, mtandao ukipotea, mtu atapata salamu zote na dawa hataipata."

"Kiufundi, ndiyo." Kiti kikaacha kuzunguka. "Lakini msimbo hauna kasoro."

Ilikuwa kweli. Programu ile haikuwa na kasoro hata moja, ila kwamba ingeua watu.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani, chini ya mahema yaliyonuka jasho na sambusa. Programu ilipewa jina linaloendana na hadhi yake: Mfumo Jumuishi wa Kitaifa wa Kuratibu Mahusiano kati ya Mwananchi na Nyoka. Mheshimiwa Dokta Mtukwao alipanda jukwaani akitembea taratibu, kama mtu anayebeba yai ndani ya suruali.

"Nyoka!" alinguruma, baada ya itifaki. "Nyoka ni adui, lakini nyoka ni mwalimu. Anatufundisha nini? Anatufundisha kujikunja! Nchi za wenzetu zina programu za haraka haraka. Unabonyeza, unajibiwa. Je, huo ni utu? Sisi Waheshimani tumesema hapana! Kwetu hata sumu itangoja!"

Makofi yakavuma. Kisha likafuata onyesho. Kijana wa ngoma za taifa alilala jukwaani akijifanya ameumwa, na simu ikawekwa kando ya sikio lake, imeunganishwa na spika. Sauti ya Waziri ikamsalimu. Sauti ya Mratibu Mkuu ikamsalimu. Mama wa kamati ndogo ya rangi akamsalimu, akamkumbusha umuhimu wa rangi. Kijana akaitikia, akaitikia, akabadilisha ubavu, akaitikia, na ilipofika zamu ya kamati ya kusuluhisha kamati ndogo akapitiwa na usingizi, mdomo wazi, udenda ukimtoka. Programu haikuitikiwa, ikarudi mwanzo. Umati ukasimama kwa heshima, maana ilikuwa sauti ya Waziri tena.

Mashavu alitoka nje ya hema akatapika kwenye majani.

Alipoinua kichwa alimwona Mbaruku amesimama na chupa ya maji. Rangi yake ilikuwa kama ya kitufe kipya.

"Umekula nini?"

"Nimekula hotuba."

Mbaruku akampa maji, akatazama viatu vyake. "Yule kijana. Nilikuwa nahesabu moyoni. Nimewaza, huyu sasa miguu imevimba. Nimewaza, huyu sasa hapumui. Na programu yangu bado inamsalimu, tena haikwami." Akashusha sauti. "Ile yetu ya kwanza sijaifuta. Ujumbe wa wauguzi unaingia kote kuwili. Niliagizwa nifunge mlango mmoja, nikasahau."

"Wewe, kusahau?"

"Nimeanza leo. Cheo kinazeesha."

Mashavu akasukutua, akatema. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua watajuta. Siku ile ile programu ya kwanza ilianza kutoka simu hadi simu, kwa jirani, kwa shemeji, kwa muuza maandazi. Watu waliipa jina wenyewe. Waliiita Mtovu wa Adabu, kwa mapenzi, na hawakuionyesha kwa viongozi.

*

Kamati ndogo ya rangi ilikuwa inajadili kama kijani kilichopauka kimepauka vya kutosha, Mashavu akiwa amekaa nyuma kabisa kwa hadhi yake ya mwanzilishi, simu yake ilipolia. Alikuwa Mama Siwema, jirani wa shangazi.

"Mashavu! Shangazi yako kaumwa!"

"Kaumwa wapi?"

"Mguuni! Nyoka! Alikuwa anaokota kuni! Tumemlaza hapa uani, nimechukua simu yake, nimefungua ile programu ya serikali, sasa..."

Nyuma ya sauti ya Mama Siwema, kwa utulivu, kwa ulaini wa siagi, Mashavu alimsikia Bwana Lukindo. *Ndugu mwananchi uliyeumwa, kwa heshima na taadhima, natambua uwepo wa nyoka wako...* Naye Bwana Lukindo mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, anakoroga chai.

"Zima hiyo!"

"Haizimiki! Inasema niitikie!"

Wakati wa uzinduzi maofisa wa wizara walipita Kigugumo wakiweka programu mpya kwenye simu za watu, na kwenye simu ya shangazi walifuta ya zamani kwa mikono yao. Mashavu alijua. Alisimama, kiti kikaanguka.

"Mama Siwema, yako! Simu yako! Unaye Mtovu?"

"Ninaye!"

"Kata simu, mfungue yeye! Kitufe chekundu! Shika njia anayokwambia yeye, usisikilize mtu!"

Simu ikakatika. Mama wa kamati ndogo ya rangi alikuwa ameshika kifua. Bwana Lukindo akaweka kijiko chini polepole.

"Dada Mashavu," alisema, "umeongea bila kupitia kwa mwenyekiti."

"Shangazi yangu anakufa!"

"Pole. Lakini tuna utaratibu hata wa hilo." Tabasamu likamtoka usoni kwa mara ya kwanza, na chini yake hapakuwa na kitu. "Na huyo Mtovu ni nani?"

Mashavu alikaa sakafuni na simu mapajani huku kamati ikijadili tabia yake. Mjumbe mmoja aliomba ufafanuzi kama kuanguka kwa kiti kuingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wakaafikiana kuingizwe. Mbaruku akaingia, akaona uso wake, akakaa sakafuni kando yake bila kuuliza.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi Mama Siwema alipopiga tena. "Tulishika kulia. Mtambani. Dawa ilikuwepo." Akavuta pumzi. "Kachomwa sindano. Mguu umevimba kama mgomba, lakini anatukana. Anaulizia kuni zake."

*

Kwa kosa kubwa Heshimani ina Baraza la Radhi. Mkosaji husimama mbele ya kipaza sauti katika Ukumbi wa Taifa na kuomba radhi, na sauti yake hurushwa moja kwa moja na redio ya taifa na vipaza sauti vya kila kijiji. Watu huacha majembe wasikilize. Wanasema hakuna anayetoka pale bila kuomba. Wengine huomba radhi hata kwa makosa ya jirani.

Mashavu alishtakiwa kwa kusababisha uhai bila itifaki.

Shangazi Mwatumu naye aliitwa, maana alikuwa amepona kinyume cha utaratibu. Alikuja akichechemea na mkongojo, mguu umefungwa bendeji, akasindikizwa na muuguzi wa Mtambani, Bi Tausi, ambaye hakuwa ameitwa. Mheshimiwa Dokta Mtukwao aliketi kwenye kiti cha juu. Bwana Lukindo aliongoza shughuli, siagi imerudi usoni.

"Mama," alimwambia shangazi, "uliposhikwa na sumu, kuna kiongozi yeyote uliyemsalimu?"

"Nilimsalimu nyoka, baba. Hakuitikia."

Kicheko kikaanza nyuma ya ukumbi, kikakanyagwa.

"Unajua kwamba sauti ya Mheshimiwa Waziri ilikuwa inaongea nawe, nawe ukaikatiza?"

"Nilisikia. Nikajua nimeshakufa, maana alikuwa ananisifu."

Bwana Lukindo akaharakisha kumketisha. Akamgeukia Mashavu, akamsogelea, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akaongea kama mjomba.

"Sikiliza, dada yangu. Hakuna anayekuchukia. Utaomba radhi, maneno machache tu, tumekuandalia. Nasi tutaikubali programu yako. Ndiyo, hiyo hiyo, na kitufe chekundu, zulia tutabadilisha rangi. Tutaongeza salamu moja tu. Ya Mheshimiwa. Fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Atajitahidi."

"Na nikikataa?"

"Utafutiwa haki ya kujitolea maisha yako yote. Huyu rafiki yako pia. Na muuguzi yeyote atakayetuma ujumbe kwenye programu yenu ataondolewa kazini. Bila ujumbe wa wauguzi programu yako ni nini? Ni kitufe. Kitabonyezwa, hakitasema kitu." Akampapasa bega. "Salamu moja. Fikiria wangapi wataokoka."

Lilikuwa jambo la kufikiria, na Mashavu alilifikiria, maana hakuwa mpumbavu. Salamu moja si moto wa Mtakuja. Salamu moja mtu anaweza kuivumilia. Kisha akamwona mama wa kamati ndogo ya rangi akinyoosha shingo kuangalia kama kuna nafasi ya salamu ya pili, na nyuma yake wote wengine, midomo imekaa tayari kusalimu, na kile kinyaa kikampanda, safi, baridi, kama maji ya kisima.

Alimtazama Mbaruku. Mbaruku alitikisa kichwa: hapana. Alimtazama Bi Tausi. Muuguzi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, na hakusubiri aulizwe.

"Mimi ya leo nimeshatuma," alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Na wenzangu wametuma."

Mashavu akasogea kwenye kipaza sauti. Nchi nzima ilikuwa imenyamaza, majembe chini. Bwana Lukindo akamnong'oneza, "Anza na itifaki."

Mashavu akafungua simu yake.

"Dawa ya nyoka leo iko Mtambani," alisema. "Kigugumo haipo, msiende Kigugumo. Ipo Ziwani, zahanati ya misheni. Ipo Magole. Ruvuko imebaki kidogo, wahini. Mtu akiumwa alale, asitembee. Msimfunge kamba. Msimchanje."

"Itifaki!" alipiga kelele Mheshimiwa Dokta Mtukwao, akisimama. "Hajatutambua! Zima! Zima hicho!"

Mtu akakimbilia waya. Mashavu aliendelea kusoma, zahanati baada ya zahanati, mpaka kipaza sauti kikakoroma na kufa. Zilibaki mbili, akazimalizia kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akaiweka simu mfukoni na kumkabili Bwana Lukindo, aliyekuwa bado ameshika ile karatasi ya maneno machache waliyomwandalia.

"Radhi," alisema Mashavu, "siombi."